Sanduku la Yehoyada na Daftari la Kijiji

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, iko habari ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa, ingawa nimekuwa mtunza hazina wa usharika wetu kwa miaka 14. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuzitumia kutengeneza mahali palipobomoka katika nyumba ya Bwana. Agizo lilikuwa jema, na watu walitoa. Lakini ulipofika mwaka wa 23 wa ufalme wake, kuta zilikuwa bado zimebomoka vilevile.

Mfalme akamwita kuhani Yehoyada na makuhani wenzake, akawauliza sababu. Hapo ndipo Yehoyada alipochukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Kila fedha iliyoingia katika nyumba ya Bwana ilitiwa humo. Sanduku lilipojaa, watu wawili walikuja kuhesabu: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Baada ya hapo mafundi walilipwa, mawe yakanunuliwa, kazi ikaenda.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na kila mara jambo moja hunishangaza. Maandiko hayasemi popote kwamba makuhani wale walikuwa wezi. Hakuna aliyefukuzwa wala aliyepigwa mawe. Kilichobadilika ni utaratibu: fedha zilitoka mifukoni mwa watu binafsi zikaingia mahali ambapo kila mtu angeweza kuona, na hesabu ikatoka kwa mtu mmoja ikawa kwa watu wawili. Utaratibu ulipobadilika, nyumba ilijengwa.

Nayaandika haya kwa sababu katika mkoa wetu wa Singida, kama ilivyo katika nchi nzima, neno uwajibikaji limekuwa neno la ugomvi. Mtu akiuliza habari za fedha za umma huambiwa ana chuki, au ametumwa, au anataka cheo. Na anayeulizwa huona amevuliwa nguo mbele za watu. Mimi naamini kwamba kuuliza hesabu ni tendo la upendo kabla halijawa tendo la siasa, na kwamba Mkristo anayelikwepa anamwacha ndugu yake peke yake katika hatari.

Jambo hili tunalifahamu vizuri tukiwa ndani ya kanisa. Kila Jumapili, baada ya matangazo, katibu wa usharika husoma mapato ya Jumapili iliyotangulia: sadaka ya kawaida kiasi hiki, fungu la kumi kiasi hiki, jengo kiasi hiki. Ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada. Ndugu aliyeleta jogoo, aliyeleta mayai kumi, aliyeleta kisado cha karanga au debe la alizeti, vyote vinanadiwa pale mbele ya macho ya wote, na wazee wa zamu wanaandika bei. Kisha tunaingia ofisini watatu, hatuingii mmoja. Tunahesabu, tunahesabu tena, tunatia saini wote. Mwisho wa mwaka Mkutano Mkuu wa Usharika unasomewa kila kitu, na bibi mmoja wa miaka themanini anaweza kusimama akauliza mbona kiberiti cha ofisini ni ghali kuliko cha dukani. Na lazima ajibiwe.

Katika miaka hiyo 14 sijawahi kuona swali la namna hiyo kuwa tusi. Daftari linalosomwa hadharani linanilinda kuliko linavyomlinda mtu mwingine yeyote. Akitokea mtu njiani akasema, “Yule mama anakula sadaka,” wapo watu mia mbili waliosikia nambari zikisomwa. Mtume Paulo alilijua hili. Alipokuwa akipeleka mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho katika Waraka wa Pili, sura ya 8, kwamba anasafiri na ndugu wengine walioteuliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu katika fedha nyingi kiasi hicho, na kwamba anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Paulo hakusema, “Mimi ni mtume, niaminini.” Alitafuta mashahidi mwenyewe.

Swali langu basi ni hili: kwa nini tukitoka katika uwanja wa kanisa na kuvuka barabara hadi ofisi ya kijiji, tunayaacha haya yote nyuma?

Katika kijiji chetu tulianza kujenga zahanati. Utaratibu mnaujua: wananchi tunanyanyua boma kwa nguvu zetu, kisha serikali inasaidia kupaua na kumalizia. Kila kaya ilipangiwa shilingi 10,000. Asiyekuwa na fedha alileta debe la alizeti, au kuku, au alifyatua tofali na kusomba mawe. Watu walijitoa kwa moyo, kwa sababu zahanati iliyo karibu iko kilometa 11, na wakati wa masika korongo likijaa hakuna pikipiki inayovuka. Kuta zilipanda hadi kwenye lenta, halafu kazi ikasimama. Mvua za msimu wa kwanza zikapita, za pili zikapita, tofali za juu zikaanza kumomonyoka. Mbuzi wakapata mahali pa kujikinga jua.

Mwaka wa pili, mwezi wa kwanza, binti mmoja wa kwaya yetu alijifungulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kando ya korongo, akisubiri maji yapungue. Mama mkwe wake na jirani mmoja ndio waliomsaidia. Mungu ni mwema, mama na mtoto walipona. Lakini tulipokwenda kumwona na akina mama wenzangu, yule mama mkwe alisema jambo lililonikaa moyoni: “Nilitoa elfu kumi yangu ili haya yasitokee.”

Kwa zaidi ya mwaka hatukuwa tumesomewa mapato na matumizi. Mikutano ilikuwapo, maana alipokuja kiongozi kutoka wilayani tuliitwa kwa ngoma na filimbi. Lakini mkutano wa namna ile una hotuba, na agenda ya hesabu haimo.

Mwenyekiti wetu wa kijiji wakati ule alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa jumuiya yetu, na rafiki wa marehemu mume wangu tangu wakiwa wachunga ng'ombe. Hadi leo tunaitana shemeji. Kwa hiyo sikuanza na mkutano. Nilimchukua mzee mmoja wa usharika tukaenda nyumbani kwake jioni, tukakaa, tukanywa uji. Nikamwambia, “Shemeji, watu wanauliza habari za boma. Nimeona heri ulisikie kwetu kuliko kulisikia njiani.”

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Shemeji, mimi sijala hata senti moja. Lakini daftari haliko sawa. Mtendaji aliyekuwa akiweka risiti alihamishwa, nyingine hazionekani. Mchanga tulinunua bila risiti. Nikisoma hesabu ikawa pungufu, watasema nimekula. Nisiposoma, watasema nimekula. Nimeona afadhali ninyamaze.”

Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini tazameni alipokuwa amefika mtu mwema: amefungwa na ukimya wake mwenyewe, kila siku akipita mbele ya boma lile akiinamisha kichwa. Tulikuwa tumemchagua, tukampa fedha zetu, kisha tukamwacha. Hatukumuuliza mwezi wa tatu, wakati upungufu ulikuwa wa elfu ishirini na mtendaji bado yupo. Ukimya wetu tuliuita heshima. Nikamwambia, “Ukisoma utasemwa siku moja. Usiposoma utasemwa hadi kwa wajukuu.” Yule mzee niliyekuja naye akaongeza, “Na siku hiyo moja tutakuwa tumekaa karibu yako.”

Ilimchukua wiki tatu kukubali. Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa siku ya Jumamosi, chini ya mkuyu ulio mbele ya ofisi, na agenda iliyoandikwa ukutani ilikuwa moja: mapato na matumizi ya zahanati. Sijawahi kuona watu wengi namna ile bila kuwapo mgeni.

Mwenyekiti alisoma mwenyewe, amesimama. Alisoma mapato, akasoma saruji, nondo, ufundi, mbao za lenta. Mwishoni akasema wazi kwamba shilingi 386,000 hana karatasi yake. Kelele zilianza nyuma. Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza lori tatu za mchanga zilinunuliwa kwa nani. Swali lilikuwa la haki, na aliyeuza mchanga alikuwapo, akasimama akathibitisha lori mbili.

Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini kwa upande wa akina mama akanyanyua mkono. Yeye hakuuliza habari za fedha. Aliuliza, “Debe langu la alizeti limeandikwa?”

Daftari likapekuliwa. Halikuwa limeandikwa. Wakasimama wengine, na wengine tena: madebe ya alizeti zaidi ya ishirini yalikuwa yamepokelewa, yakauzwa kwa pamoja, na bei yake ikaandikwa kwa jumla bila majina ya waliotoa. Fedha ilikuwapo, watu hawakuwapo. Bibi yule akasema taratibu, “Basi mimi sikutoa.” Mkutano mzima ulikaa kimya.

Nilimkumbuka mjane wa Injili ya Marko, sura ya 12. Bwana Yesu alikaa kuielekea sanduku la hazina, akitazama jinsi watu wanavyotia. Alikaa kutazama! Mwana wa Mungu aliona kutazama hazina ya umma ni kazi inayostahili muda wake. Na senti ya mjane haikupotea katika jumla, yeye aliiona na kuitaja. Tena maneno aliyoyasema muda mfupi kabla ya hapo yalikuwa onyo kwa viongozi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Sisi tunapenda kumhubiri mjane siku ya harambee, na kulihubiri onyo lile tunasahau.

Mkutano ule haukuisha kwa furaha, wala haukuisha kwa ngumi. Wapo waliotaka mwenyekiti apelekwe polisi siku ileile. Mzee mmoja wa msikitini, anayeheshimiwa na wote, akasema hatukuja kumvua mtu nguo, tumekuja kutafuta tulipojikwaa. Mwisho iliamuliwa kwamba fedha ambazo mwenyekiti alizitoa kwa mkono wake bila karatasi atazirudisha baada ya mavuno, na kwamba kamati mpya itakuwa na watu watano, akina mama wawili wakiwamo. Kila anayetoa ataandikwa jina na kitu alichotoa, na kila mwezi hesabu itabandikwa kwenye ubao wa kijiji na kutangazwa makanisani na msikitini. Madebe yale yaliandikwa upya, jina kwa jina, siku ileile, jua likizama.

Mwenyekiti alirudisha. Aliuza mtamba. Kwa miezi minne hakuja kwenye ibada ya jumuiya ilipokuwa zamu ya nyumbani kwangu, na mkewe alinisalimia kwa mbali. Sitawaficha kwamba iliniuma, na kwamba kuna siku nilikaa peke yangu jikoni nikalia. Ushuhuda usiosema gharama ni nusu ya ushuhuda. Lakini mwezi wa tano alikuja, akakaa, akaomba aongoze sala ya kufunga. Boma limefika sasa kwenye usawa wa kupaua. Mabati bado. Ombi letu liko halmashauri, na kamati inakwenda kuliulizia.

Baada ya mkutano ule baadhi ya ndugu walinijia na Biblia mkononi, na hoja zao zinastahili jibu la heshima.

Mmoja alisema tumemwaibisha ndugu katika Kristo, ilhali Mathayo 18 inaagiza mtu aonywe faraghani. Ni kweli, na ndiyo maana tulianza nyumbani kwake, tukiwa wawili, kama sura ileile inavyoelekeza. Lakini Mathayo 18 inahusu ndugu aliyenikosea mimi. Fedha za kaya zote si zangu hata nizisamehe kwa niaba ya wengine. Mali ya wote, hesabu yake husomwa mbele ya wote.

Mwingine alinionyesha kwamba katika sura ileile ya Wafalme mafundi waliolipwa hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Nilifurahi kwamba ameisoma. Lakini na asome kwa mpangilio wake: kwanza sanduku, kisha wawili wa kuhesabu, ndipo imani kwa mafundi. Imani ile ilikuja baada ya utaratibu, haikuja badala yake.

Wa tatu alisema Warumi 13 inatuagiza kutii mamlaka. Ndiyo. Na sura hiyohiyo inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu. Mtumishi ni mtu anayeulizwa. Samweli alikuwa mwamuzi wa Israeli yote, na alipozeeka alisimama mbele ya taifa zima akawataka waseme: amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa kwa nani. Alisema kama kuna chochote atakirudisha. Kwa hiyo anayemuuliza kiongozi hesabu anamwomba tu asimame mahali aliposimama Samweli.

Sheria za nchi yetu, kwa namna yake, zinasema jambo lilelile. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, imeuweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa watu wote wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwenyekiti tunamchagua sisi, mtendaji anaajiriwa na halmashauri, lakini hesabu ya kijiji wote wawili wanaileta kwetu. Mnapokaa chini ya mti kusikiliza mapato na matumizi, hamwombi hisani. Mnafanya kazi mliyopewa.

Sisi wa Singida hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika miaka ya 1990, Msitu wa Mgori ulikuwa uchukuliwe na serikali kuwa hifadhi yake. Vijiji vitano vinavyouzunguka vilipinga, na mwaka 1995 vikakabidhiwa kuulinda vyenyewe. Kila kijiji kiliweka kamati yake, sheria zake ndogo na walinzi wake, vijana waliojulikana kwa majina. Mlinzi hakuwa mtu wa kutoka mbali: mama yake na mjomba wake walikuwa wakimwona kila jioni. Mtu huchunga vizuri zaidi anapojua kwamba atarudi kwa wenye mali na kuulizwa.

Na ngazi ya taifa je? Utaratibu wa Yehoyada upo huko pia. Ibara ya 143 ya Katiba imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, tunayemwita CAG. Hukagua wizara, mashirika na halmashauri, humkabidhi Rais ripoti, na Rais huagiza ipelekwe bungeni. Huko zipo kamati za kuichambua, ikiwamo ile ya hesabu za serikali za mitaa. Kila mwaka, karibu na Pasaka, tunasikiliza redioni: halmashauri hii imepata hati inayoridhisha, ile imepata hati yenye shaka. Tunatikisa vichwa na kusema, “Wakubwa wanakula.” Kisha tunazima redio.

Mimi huwa najiuliza: katika kaya zinazotikisa vichwa, ni ngapi zinajua kilichomo katika daftari la shule ya kijiji chao? Ripoti ya CAG ni mlango wa mbali, na ni vigumu kuubisha kama hujawahi kubisha wa karibu. Kijiji kilichozoea kusomewa hesabu yake kina kinywa cha kumuuliza diwani fedha za barabara ziko wapi, na diwani aliyezoea kuulizwa atakuwa na kinywa cha kuuliza halmashauri. Nasi tunaona hivyo sasa: kamati yetu inapokwenda wilayani kuulizia mabati, inakwenda na daftari mkononi. Hakuna awezaye kuiambia ianze kwanza na ya kwake.

Nchi yetu imewahi kuona pia wakubwa wakiwajibika. Mwanzoni mwa mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakuwa amewagusa yeye. Lakini wizara ilikuwa yake, na waliokufa walikuwa Watanzania. Miaka minane baadaye, 1985, Watanzania walimpa nchi nzima aiongoze. Wale wanaodhani kukubali kuwajibika ni kujizika na waitafakari habari hiyo.

Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya Kamati Teule ya Bunge, iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, kuwasilisha ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Ni jambo kubwa kwamba Bunge letu liliweza kuuliza hadi kwenye kiti hicho. Lakini tukumbuke pia kwamba yeye alilalamika kuwa kamati haikumhoji. Simo katika kuamua nani alikuwa sahihi. Nasema tu kwamba katika Injili ya Yohana, sura ya 7, Nikodemo aliwauliza wenzake kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Anayeuliza hesabu sharti pia asubiri jibu. Pale chini ya mkuyu, kama mwuza mchanga asingepewa nafasi ya kusema, lori mbili zile zingehesabiwa kuwa wizi.

Basi, ndugu zangu, ninalowasihi ni dogo, na liko ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu.

Mkutano wa kijiji ukiitishwa, nenda. Usiseme hayo ni mambo ya vyama, maana zahanati haina chama. Usipoitishwa kwa miezi mitatu, ulizia kwa adabu, na usiende peke yako. Ukitoa mchango, hata kama ni debe la alizeti, subiri uone jina lako likiandikwa. Kama wewe ndiye uliyechaguliwa, iwe ni katika kikundi cha VICOBA, kamati ya shule au halmashauri ya wilaya, usingoje kuulizwa. Soma hesabu kabla hawajaidai, na siku ambayo imepungua soma vilevile, mapema, wakati upungufu bado ni mdogo. Na ndugu yako akisimama kusoma, kaa karibu naye. Asiyekula anahitaji mashahidi, na aliyekula anahitaji nafasi ya kurudisha kama Zakayo, ambaye wokovu ulifika nyumbani kwake siku ileile aliposema hadharani kiasi atakachorudisha.

Siku moja kila mmoja wetu atasomewa daftari ambalo hakuliandika mwenyewe. Kwa neema tutasimama. Kabla ya siku hiyo, Mungu ametupa madaftari madogo ya kujifunzia, na lililo karibu zaidi liko katika ofisi ya kijiji chako. Jumamosi ijayo kama kuna mkutano, vaa viatu uende.